Sauti Isiyo na Upande

Mwanangu Zipora,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua. Uko hapo nyuma ya ukuta wa udongo, hatua sita kutoka nilipokaa, sanduku lako limeshafungwa liko karibu na mlango, na wewe umelala ubavu wa kulia, sikio lako zima umelizamisha kwenye mto. Hivyo ndivyo unavyofunga mlango ukinikasirikia. Watoto wengine wakikasirika hukimbilia kwa bibi zao. Wewe unalalia sikio linalosikia, dunia yote inanyamaza, na mimi pamoja nayo. Nimekuita mara mbili. Nimesimama pale nikauangalia mgongo wako, nikarudi mezani nikachukua daftari lako la zamani la sayansi, lenye kurasa zilizobaki. Utasoma ukiwa njiani kwenda Bura. Macho yako hayajawahi kunifungia.

Sitakuandikia habari za kufua na kula. Unafua vizuri kuliko mimi, na mama yako mdogo Dorka, utakayekaa kwake huko Bura, hajawahi kumwacha mtu alale njaa nyumbani kwake. Nataka tuzungumze juu ya ile fomu ya shule mpya.

Leo mchana tulikuwa tunaijaza vizuri tu. Jina la mwanafunzi, jina la mzazi, kijiji, Hewani. Tulicheka ulipouliza kama kwenye kazi ya mzazi niandike mkulima au mama wa mpunga. Halafu tukafika pale panapouliza kama mtoto ana ulemavu au tatizo la afya ambalo shule inapaswa kujua. Ukasema, "Andika hakuna."

Nikasema, "Hapo siandiki hakuna."

"Mama, andika hakuna. Kule hanijui mtu. Nataka nianze nikiwa kama wengine."

"Zipora, walimu lazima wajue."

Ukanitazama. Hukupaza sauti, na afadhali ungepaza. Ukasema, "Si wewe uliyenifundisha kuficha?"

Ukaenda kulala na jua bado lipo. Sikukujibu kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa refu. Sasa nakujibu.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane. Ulipokuwa na miaka mitatu ulivimba mashavu. Bibi yako akakupaka masizi ya chungu shavu hili na hili, kama alivyotupaka sisi, ukawa unajitazama kwenye ndoo ya maji na kucheka. Baadaye homa ikapanda. Ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, maji yameingia shambani, na maji ya mto hayamsubiri mtu amalize kuuguza. Baba yako alikuwa ameshakwenda Mombasa kutafuta kazi, na sauti yake ilikuwa imebaki ya simu tu, kabla hata hiyo ya simu haijakoma. Nilikuwa peke yangu na vipande viwili vya shamba. Nikakuacha kwa bibi, nikashinda nimeinama kwenye tope siku tano nzima. Siku ya sita homa ikashuka yenyewe, uvimbe ukaisha. Nikamshukuru Mungu kwamba nimeuguza na nimepanda. Nilijiona mwanamke hodari sana.

Hatukujua kwamba sikio lako la kushoto lilikuwa limekufa wiki hiyo. Hakuna kitu kilichoonekana. Hukulia. Uliendelea kuongea, kuimba, kuja ukiitwa. Ukiitwa kwa karibu ulikuja. Ukiitwa kwa mbali ulisimama ukazunguka kama kuku aliyemwagiwa maji, na sisi tukadhani ni mchezo.

Ulipofika miaka minane nikakupandisha kwenye dungu, jukwaa letu la miti juu ya mpunga, uanze kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka, kama watoto wenzako. Unakumbuka yale madungu manne kwenye ukingo wa mashamba, letu la pili kutoka mtoni. Kazi ile unaijua, lakini acha niiseme, kwa maana ndipo nilipokukosea mara ya kwanza. Sisi hatutaji upande. Mtu akiona kundi la ndege linakuja anapiga ukelele mmoja, "Hoo", basi. Hasemi mtoni wala barabarani. Sauti yenyewe ndiyo inayosema upande. Unaisikia, kichwa kinageuka chenyewe, kombeo liko tayari. Hakuna aliyewahi kutufundisha, na hakuna aliyewahi kujiuliza inawezekanaje.

Wewe ulisikia ukelele ukageukia mtoni, ndege wakaingia kutoka barabarani. Kesho yake hivyo hivyo. Ulikuwa unageuka kulia kila mara, na mimi sikuona kwamba ni kulia kila mara. Niliona mtoto asiyetaka kazi. Jirani yetu wa dungu la tatu, mdomo wake unaujua, akaniambia mbele ya watu, "Mama Zipora, mpunga wangu unaliwa. Huyu binti yako anaamia mawingu." Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikakuchapa njia nzima hadi nyumbani. Sikuwa nauchapa uvivu, mwanangu. Nilikuwa nachapa aibu yangu.

Mara ya pili ni ile ya kiboko wa mtoni. Hatujawahi kuizungumza, miaka sita sasa.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, umetangulia kwenye bustani ya mchicha kando ya maji na mimi nakuja nyuma na ndoo. Nikamwona kabla yako. Alikuwa amechelewa kurudi mtoni, amesimama baina ya matete na njia ya maji, mgongo wake umelowa. Unajua kiboko aliyechelewa anavyokuwa. Nikapiga kelele, "Zipora, huku! Kimbia huku!"

Ulisikia. Niliona umesikia, kwa sababu ulishtuka ukasimama wima. Kisha ukageuza kichwa huku, ukakigeuza kule. Sauti yangu ilikuwa imekwenda ikagonga miti ya msitu ng'ambo ya mto na kurudi. Ukakimbia. Ulikimbia kwa nguvu zako zote kuelekea mtoni, kuelekea kwake.

Mzee mmoja aliyekuwa anateka maji akapiga debe kwa panga mfululizo, kiboko akageuka akateremka majini kupitia pengo lililokuwa hatua chache tu kutoka kwako. Nikakufikia. Mama mwingine angekukumbatia. Mimi nilikuzaba kofi, ungali unatetemeka. Ukaniuliza, "Mama, ulikuwa upande gani?"

Nilidhani ni ujeuri. Nikakuongeza kofi la pili.

Swali hilo nimelala nalo miaka sita, na kila nikilisikia lina sauti yako ya miaka tisa. Hakuna mtu nimewahi kumwambia. Bibi yako alifariki hajui. Ningemwambia nani? Nani atanisikiliza bila kuniuliza, sasa wewe mama wa namna gani?

Baada ya mwezi hivi ukashikwa na malaria, tukaenda hospitali Garsen. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, mwenye haraka. Alikuwa anakuuliza maswali akiwa kushoto kwako anaandika, na wewe ukawa kimya. Nikakufinya ujibu. Akaniona. Akasema, "Subiri kidogo, mama." Akakwambia ufumbe macho, akasimama nyuma yako, akawa anasugua vidole, mara upande huu, mara upande ule, na wewe uonyeshe kwa mkono sauti iko wapi. Kila mara ulinyoosha mkono wa kulia. Akisugulia kushoto, karibu kabisa na sikio, mkono haukwenda popote. Ulikuwa unatabasamu, unadhani ni mchezo na unashinda.

Akaniuliza, "Aliwahi kuvimba mashavu?"

Kisha akanieleza, na nitakueleza kwa maneno yangu, maana wakati ule ulikuwa mdogo na baadaye mimi nilikuwa mwoga. Sauti inatembea. Mbuzi akilia kushoto kwako, mlio unalifikia sikio la kushoto kwanza, halafu unazunguka kichwa ndipo unalifikia la kulia, umechelewa kidogo na umepungua nguvu, kwa sababu kichwa chenyewe kimeukinga kama ukuta. Kuchelewa kwenyewe ni kudogo mno, hata jicho halijapepesa, lakini ubongo unaupima muda huo. Unalinganisha sikio hili na hili, na hapo hapo unajua, mbuzi yuko kushoto. Mimi niliielewa kwa madungu. Watu wawili kwenye madungu mawili, kila mmoja ananyoosha mkono kuelekea kundi, na pale mikono inapokutana ndipo ndege walipo. Wewe una dungu moja, Zipora. Sauti inakufikia, tena unaisikia sawasawa, ila hakuna wa pili wa kulinganisha naye. Inakuja bila upande.

Akasema pia kwamba masikio mawili ndiyo yanayosaidia kuchambua sauti. Penye watu wengi, mtu wa masikio mawili anaweza kumchagua mmoja akamfuata yeye na wengine akawasukuma pembeni. Mwenye sikio moja, zote zinaingia kwa mlango mmoja zimeshikana. Ndiyo maana ulikuwa unachoka arusini, unalala mapema, na shangazi zako wakisema huyu mtoto hapendi watu.

Nikamuuliza ingekuwaje kama ningekuleta siku ile ya kwanza ya homa. Akasema labda isingebadilisha kitu. Alilisema kwa wema. Hilo neno labda nimelibeba tangu siku hiyo, na halijawahi kupungua uzito.

Sasa sikiliza, kwa sababu kosa langu kubwa si homa wala makofi. Kosa langu kubwa nililifanya tukiwa barabarani tunatoka hospitali, chini ya kivuli cha duka la mbolea, tunasubiri pikipiki. Nilichuchumaa upande wako wa kulia nikakwambia, "Hili jambo ni letu wawili. Usimwambie mtu yeyote."

Nilikuwa naogopa. Niliogopa watakuita kiziwi. Niliogopa shule itakukataa, na siku moja wachumba watakukataa. Na niliogopa watu watauliza imekuwaje, na nitalazimika kusema nilikuwa napandikiza mpunga. Nilijidanganya kwamba nakulinda wewe. Nikakufundisha kukaa mwisho wa benchi upande wa kushoto. Nikakufundisha kuitikia "eeh" na kutabasamu. Nikakufundisha kucheka wengine wakicheka. Ukawa hodari, ukanipita. Kanisani siku moja nilikutazama ukiwa na wenzako. Mmoja alisema neno, wote wakacheka, na wewe ukacheka baada yao kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Mimi niliona. Ulikuwa katikati ya wasichana sita na ulikuwa peke yako kabisa, na niliyekuweka hapo ni mimi.

Mwaka jana ulirudi kutoka shuleni umevimba macho. Walikuwa wamekupa jina la Malkia, kwa sababu hujibu salamu. Ukasema, "Wananisalimia kushoto, Mama, halafu wanasema naringa." Ukala, ukalala. Siku ya soko nilifanya jambo ambalo sijakwambia. Nilikanda unga wa ngano kidogo, nikausokota na pamba, nikaziba sikio langu la kushoto kabisa, nikafunga leso kichwani, nikaenda Garsen kuuza mchele.

Sikufika mbali. Nilikuwa navuka barabara pale penye vibanda nikasikia bodaboda. Niliisikia vizuri, ilikuwa karibu. Lakini ilikuwa karibu kila mahali. Nikatazama kulia, hakuna kitu. Nikaruka mbele, na ilikuwa inatoka kushoto, ikapita imenigusa kanga. Dereva akasema, "Mama, unatembea na usingizi?" Nikavuka nikafika sokoni. Nikaketi kwenye gunia langu, nikajaribu kuuza. Mteja mmoja ananiuliza bei, wawili nyuma yake wanagombana kuhusu ng'ombe, spika ya duka inaimba, na vyote ni kitu kimoja, kama mchele uliomwagika kwenye mchanga. Nikawa naangalia midomo ya watu kama mwizi. Mwanamke wa kwaya yetu akaniita, "Mama Zipora." Nikageuka kulia. Akaniita tena, nikageuka kulia tena. Akazunguka akaja mbele yangu akasema, "Siku hizi unaringa, eh?" Nikatabasamu. Nikasema "eeh". Yale yale niliyokufundisha, yakanitoka mdomoni yenyewe.

Nilistahimili mpaka adhuhuri. Nikaenda nyuma ya kibanda nikautoa ule unga kwa kucha, na soko likarudi mahali pake. Huyu huku, yule kule. Nikalia hapo hapo nimesimama, kwa sababu mimi nilikuwa nautoa, na wewe hukuwa na kitu cha kutoa. Asubuhi moja tu, Zipora. Wewe umeishi hivyo miaka kumi na miwili.

Basi ulipouliza leo, si wewe uliyenifundisha kuficha, jibu ni ndiyo. Ni mimi. Na kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha, ni mimi ninayesimamisha. Fomu nimeijaza ukiwa umelala. Nimeandika kwa kalamu: sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia ni zima, akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, aitwe kwa jina. Nimetia sahihi. Utakasirika, nami niko tayari ukasirike. Kasirika ukiwa hai na unasoma.

Na tena nimempigia simu Dorka. Nilimwambia tu hivyo, moja kwa moja, sikuzunguka. Nikamwambia, "Mtoto hasikii kushoto tangu mdogo. Ukitembea naye, kaa kulia." Akaniambia nirudie, nikarudia. Halafu akasema, "Dada, wewe ni mtu mbaya." Nikasema najua. Akasema, "Miaka yote hii nikija huko, namwita ananipita. Nilidhani mtoto hanipendi. Niliacha kuja, unajua?" Nikasema sikujua. Tukalia wote wawili kwenye simu mpaka salio likaisha.

Unaona siri yetu ilivyofanya kazi. Ilikuficha kwa watu waliokuwa wanakutafuta.

Kule Bura pikipiki ni nyingi, zinapita kando ya mifereji kutwa. Usivuke kwa sikio, vuka kwa macho. Ukisikia sauti usijue ilipo, simama, zungusha kichwa polepole. Daktari alisema kichwa kinachozunguka kinasaidia kidogo, sauti inakua na kupungua. Usione haya kusimama. Penye kelele tafuta ukuta, uuweke kushoto kwako, watu wote wawe kulia. Na marafiki, usiwachague kwa uzuri wa maneno. Mwambie mtu mara moja tu, "Sikio hili halisikii." Kesho yake tazama anakaa upande gani. Yule atakayehamia kulia kwako bila kukumbushwa, bila kuifanya habari, huyo mshike. Wengine wasamehe, wana masikio mawili na hawajawahi kujiuliza yanafanya kazi gani. Nilikuwa mmoja wao.

Mimi hapa nitabaki na nyumba hii. Nimezoea kutembea kulia kwako hata mwili wangu umeinamia huko, na sijui nitatembeaje sasa nikiwa peke yangu njia ya shambani. Hilo ni langu, usilibebe.

Kesho steji ya magari ya Garsen itakuwa na kelele zake, na wapiga debe wanaita majina ya miji. Nimeshafikiria utakapokaa. Utakaa dirishani, safu ya kushoto, ili sikio lako zima liwaelekee watu wa ndani, usikie ukiulizwa nauli na ujue unaposhuka. Maana yake mimi niliye nje nitakuwa upande usiosikia. Basi sitakuita. Akina mama wengine watapiga kelele na kukimbia kando ya gari, na ukisikia kitu kama jina lako, si mimi, usihangaike kugeuka huku na huku. Angalia tu nje ya dirisha lako. Nitakuwa hapo, nimesimama karibu na kioo, nimenyamaza, na sitaondoka mpaka nione umeniona.

Mama yako.